Kipaji au Rekodi: Kuwapanga Mabondia kwa Walichozaliwa Nacho

Katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, George Foreman alishinda dhahabu ya uzani mzito, akazunguka ulingoni na kibendera cha Marekani mkononi. Lakini Kombe la Val Barker, ambalo hupewa bondia aliyeonyesha ufundi kuliko wenzake wote katika michezo hiyo, halikwenda kwake. Lilikwenda kwa Philip Waruinge, Mkenya aliyetoka na shaba ya uzani wa unyoya. Ndiyo, shaba. Waliolitoa kombe hilo walikuwa wamemwona akipoteza nusu fainali kwa Antonio Roldán, Mmexico aliyekuwa akipigana mbele ya watu wa kwao, na bado wakasema huyu ndiye aliyejua ndondi kuliko wote.

Tangu kombe hilo lianze kutolewa mwaka 1936, ni mabondia watatu tu waliolitwaa bila dhahabu shingoni: Louis Laurie wa Marekani mwaka huo wa kwanza, Waruinge mwaka 1968, na Roy Jones Junior huko Seoul mwaka 1988. Naanzia hapo kwa sababu mabishano ya ndondi ya hapa Nairobi, iwe kwa kinyozi, ndani ya matatu ya Jogoo Road au nje ya ukumbi wa Muthurwa vijana wa klabu ya ndondi ya Dallas wakitoka mazoezini, huishia kwenye hesabu. Mayweather hamsini kwa sifuri. Marciano arobaini na tisa kwa sifuri. Mtu akishaitaja hiyo sifuri anakunja mikono, kana kwamba kesi imefungwa.

Mimi nadhani kesi haijaanza hata kusikizwa. Rekodi hubeba mambo mengi ambayo hayamo mwilini mwa bondia: promota aliyemchagulia wapinzani, majaji watatu waliokaa pembeni, meneja mwenye subira au mwenye njaa, hata serikali. Tazama tu ya kwetu.

Stephen Muchoki alikuwa bingwa wa dunia wa ndondi za ridhaa mwaka 1978 kule Belgrade, katika uzani mwepesi kabisa. Alikuwa na dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola, ya 1974 na ya 1978. Ukitafuta medali yake ya Olimpiki huioni. Mwaka 1976 Kenya ilisusia Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa kuwa New Zealand ilikuwa imepeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 tukasusia Moscow. Na Februari mwaka huo ni nani aliyetua Nairobi kuhimiza mgomo huo? Muhammad Ali, ametumwa na Rais Jimmy Carter. Bondia maarufu kuliko wote duniani alikuja kwetu kutushawishi tusipeleke mabondia. Sibishani na sababu za 1976, zilikuwa za haki. Ninachosema ni kwamba anayempima Muchoki kwa medali za Olimpiki anapima sera ya mambo ya nje, na mikono ya Muchoki haimo kwenye kipimo hicho.

Halafu kuna Robert Wangila. Kule Seoul alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzani wa welter (kilo 67), na hadi leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Olimpiki ambayo Kenya imepata nje ya riadha. Boudouani huyo baadaye akawa bingwa wa dunia katika ndondi za kulipwa, kwa hiyo asije mtu akasema Wangila alipewa mteremko. Katika michezo hiyohiyo, uzani mmoja juu yake, Roy Jones alimtwanga Park Si-hun wa Korea Kusini raundi tatu nzima. Hesabu ya ngumi zilizofika ilikuwa 86 kwa 32. Majaji watatu kati ya watano wakampa Park ushindi. Miaka mingi baadaye Park mwenyewe alisafiri hadi Pensacola, Florida, akamkabidhi Jones ile dhahabu.

Kwa orodha ya medali, basi, Wangila yuko juu ya Roy Jones. Na ukiwapanga Wakenya watatu kwa Olimpiki peke yake unapata Wangila, Waruinge, Muchoki. Ukiwapanga kwa kipaji, mimi nawageuza: Waruinge kwanza, Muchoki karibu sana nyuma yake, Wangila wa tatu. Najua wapo watakaokasirika. Wangila alikuwa na mkono mzito na moyo usiokubali kushindwa, na moyo huo ulikuwa nusu ya ushindi wake. Waruinge alikuwa na kitu ambacho huwezi kumwekea mtu kwa kumwongezea mazoezi: alijua umbali. Alisimama pale ambapo ngumi ya mwenzake inapungukiwa na upana wa kidole, na yake inafika. Dhahabu za Jumuiya ya Madola za 1966 na 1970 alizichukua hivyo. Munich mwaka 1972 alipoteza fainali kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Sovieti, majaji watatu kwa wawili. Jaji mmoja angegeuza kalamu, leo tungekuwa na mazungumzo tofauti kabisa. Baadaye akaenda Japani kupigana ndondi za kulipwa, na mkanda wa dunia hakuupata.

Basi tunatafuta nini tunapotafuta kipaji?

Kasi ndiyo kitu cha kwanza watu hutaja, na kwangu si ya kwanza. Kasi inaonekana kwa macho, ndiyo maana inasifiwa. Kinachonishughulisha zaidi ni jicho: bondia anayeona ngumi kabla haijatoka, kwa kutazama bega au goti la mwenzake. La pili ni makosa. Kila kocha wa Kariobangi atakwambia usishushe mikono, usirudishe kichwa nyuma moja kwa moja, usianze na ngumi ya kuzungusha bila kutanguliza ile ya kunyoosha. Mwenye kipaji hasa hufanya makosa hayo yote na hakuna anayemwadhibu. La tatu ni kile anachoweza kufanya bila maandalizi. Na la nne ni uzani: mwili unaoweza kupanda kilo kumi, kumi na tano, bila kuacha ujuzi wake njiani, una kitu ndani yake zaidi ya misuli.

Kwa mizani hiyo, Rocky Marciano hayumo hata katika thelathini zangu za kwanza, na namheshimu sana. Alikuwa mfupi kwa uzani mzito, mikono mifupi, miguu mizito, akafanya kazi kama punda wa kubeba maji Kibera mpaka akastaafu bila kupoteza pigano. Hiyo ni sifa kubwa, lakini ni sifa ya jambo lingine.

Sasa nianze na wa juu kabisa. Roy Jones, kwa kipaji kitupu, sijaona wa kumweka mbele yake. Alianza kulipwa akiwa chini ya kilo 72, akamshinda Bernard Hopkins mwaka 1993 kutwaa mkanda wa uzani wa kati, akamfanya James Toney aonekane mgeni ulingoni mwaka 1994, na tarehe 1 Machi 2003 akamshinda John Ruiz na kuwa bingwa wa uzani mzito. Kabla yake, bingwa wa uzani wa kati aliyewahi kufika huko alikuwa Bob Fitzsimmons mwaka 1897. Mwaka 1995, katika raundi ya nne dhidi ya Vinny Pazienza, Pazienza hakumfikia kwa ngumi hata moja kwa dakika tatu nzima. Juni 1996 alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa mchana, na usiku akaingia ulingoni kutetea mkanda wake dhidi ya Eric Lucas. Mwaka 2002 aliweka mikono yote miwili nyuma ya mgongo mbele ya Glen Kelly, kisha mkono wa kulia ukatoka huko nyuma ukamlaza Kelly chini. Hakuna kocha anayefundisha hilo. Kocha mwenye akili angemfukuza mtoto atakayejaribu.

Makosa ya Jones yalikuwa mengi kuliko ya mwanafunzi wa mwezi mmoja. Mikono kiunoni. Anaruka ndani na ngumi ya kushoto ya kuzungusha bila kuitangulizia chochote. Anarudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Yote yalifanya kazi kwa sababu mwili wake ulitangulia wa mwenzake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mei 2004 Antonio Tarver alimwangusha katika raundi ya pili kwa mkono mmoja wa kushoto, na Septemba mwaka huohuo Glen Johnson akamlaza tena. Ile sehemu ndogo ya sekunde ilikuwa imeondoka, na chini yake hapakuwa na kinga ya kurudia. Mtu wa rekodi atasema kushindwa huko kunamshusha Jones. Kwangu kunaonyesha ni kiasi gani cha Jones kilikuwa kipaji peke yake.

Sasa mweke kando ya Wilfred Benítez wa Puerto Rico, ambaye vijana wengi wa hapa hawamjui kabisa. Tarehe 6 Machi 1976 Benítez alimshinda Antonio Cervantes na kuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Hakuna aliyewahi kuwa bingwa wa dunia akiwa mdogo kuliko huyo. Fikiria mwanafunzi wa sekondari ya Eastleigh akirudi darasani Jumatatu na mkanda wa dunia kwenye begi la vitabu. Wenyewe walimwita El Radar, rada, kwa namna alivyohisi ngumi zikija. Alikuwa akiegemea kamba, mahali ambapo mabondia wengine huenda kupigwa, na kuzikwepa kwa kiuno na shingo tu.

Mazoezi Benítez hakuyapenda, na hilo lilijulikana wazi. Aliingia kukutana na Sugar Ray Leonard Novemba 1979 akiwa na maandalizi ambayo baba yake mwenyewe aliyalaumu hadharani, na bado refa alisimamisha pigano hilo katika raundi ya 15 zikiwa zimebaki sekunde sita tu. Mei 1981 akamwangusha Maurice Hope akawa ametwaa mikanda katika uzani tatu tofauti, hajafikisha miaka 23. Januari 1982 akamshinda Roberto Durán. Baada ya hapo alishuka haraka, na ngumi alizopigwa miaka ya mwisho zilimwachia maradhi mabaya ya ubongo.

Kati ya Jones na Benítez nani juu? Jones alikuwa na mwili, Benítez alikuwa na jicho. Ukiniuliza nani alifanya mambo yasiyowezekana, ni Jones. Ukiniuliza nani alihitaji kujifunza kidogo kuliko wote, ni Benítez. Namweka Jones mbele kwa sababu ya kilo: kutoka uzani wa kati hadi mzito. Lakini naliandika hili kwa kalamu ya risasi.

Watu wa kizazi cha baba zangu watauliza, na Sugar Ray Robinson je? Hapa kuna tatizo ambalo halina dawa. Robinson bora alikuwa yule wa uzani wa welter, miaka ya arobaini, na filamu za wakati huo zilizobaki ni chache mno. Tunachokiona zaidi ni Robinson wa uzani wa kati, ambaye tayari alikuwa ameshapigana mapigano zaidi ya mia. Na huyo aliyechoka ndiye aliyemsimamisha Jake LaMotta tarehe 14 Februari 1951, na ndiye aliyemwangusha Gene Fullmer Mei 1957 kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha, huku akirudi nyuma. Jaribu kupiga kwa nguvu ukirudi nyuma. Jaribu hata kwenye begi. Miguu ndiyo inayotoa nguvu, na miguu ikienda nyuma nguvu inaenda nayo, isipokuwa kwa watu wachache sana. Robinson alikuwa na miaka 35 alipofanya hivyo. Anashika nafasi ya pili kwangu, na kama zile filamu zingepatikana huenda angekuwa wa kwanza. Benítez anakuwa wa tatu.

Muhammad Ali mimi namweka wa nne, na hapa ndipo urafiki huvunjika. Ali ni mkubwa kuliko wote kwa jumla ya maisha yake, na sitabishana na mtu kuhusu hilo. Kwa kipaji, namtazama Ali wa kabla ya 1967 tu: mwanamume wa uzani mzito anayesogea kama wa uzani wa welter, anayerudisha kichwa nyuma na mikono chini, makosa mawili kwa mpigo, na ngumi inapita mbele ya pua. Tazama pigano lake na Cleveland Williams la Novemba 1966. Halafu wakamnyang'anya leseni kwa kukataa kwenda vitani Vietnam, na miaka mitatu na nusu ikaondoka, kutoka miaka 25 hadi 28 ya umri wake. Ali wa Kinshasa, Oktoba 1974, yule tunayempenda sana Waafrika, alishinda kwa akili, kwa kidevu na kwa ukaidi. Kipaji cha miguu kilikuwa kimebaki Marekani ya 1967. Kwa maneno mengine, pigano tunalolitumia kumsifu ni ushahidi wa kitu kingine kabisa.

Durán ni wa tano. Mtoto wa mtaani kutoka El Chorrillo, Panama, bingwa wa uzani mwepesi mwaka 1972, mshindi wa Leonard pale Montreal Juni 1980, na yule aliyegeuka na kuacha pigano la marudiano Novemba mwaka huohuo. Rekodi humhukumu kwa usiku huo mmoja wa New Orleans. Mimi namtazama Februari 1989, ana miaka 37, yuko mbele ya Iran Barkley, jitu lililokuwa limemlaza Thomas Hearns mwaka uliotangulia. Durán alikuwa ameanza ubingwa kwa kilo 61, na sasa yuko uzani wa kati, mfupi, mzee. Akashinda. Alisogeza mabega kidogo tu, kichwa kidogo tu, na ngumi za Barkley zikawa zinapita pembeni. Jina lake la ulingoni, Mikono ya Mawe, lilifika hadi kwetu: Conjestina Achieng wa Siaya aliitwa vivyo hivyo. Lakini jina lenyewe linamdhulumu Durán. Mawe wanayo wengi.

Pernell Whitaker na Floyd Mayweather ndio wa kuwekwa bega kwa bega, kwa sababu wote wawili walikuwa mabingwa wa kutopigwa. Hapa sina shaka hata kidogo. Mayweather alijenga kinga yake kwa kazi ya miaka: bega la kushoto juu, mkono wa kulia kwenye shavu, mazoezi ya saa za usiku wa manane, nidhamu ya kutisha. Kipaji anacho, bila shaka, hasa kasi ya mkono wa kulia. Whitaker alikuwa wa mkono wa kushoto, aliyeinama mpaka magoti ya mwenzake, akazunguka, akatokea nyuma ya mgongo. Septemba 1993 huko San Antonio alikutana na Julio César Chávez, aliyekuwa ameshinda mapigano 87 bila kupoteza hata moja, akamfundisha raundi kumi na mbili. Majaji wawili wakaandika sare. Basi Chávez akaendelea na rekodi yake safi, na Whitaker akaondoka na sare. Kijana mmoja aliniuliza juzijuzi, "Sasa mzee, Mayweather hayumo kwenye kumi bora?" Yumo, wa tisa au wa kumi. Whitaker ni wa sita.

Vasiliy Lomachenko ananipa shida ya aina yake. Katika ndondi za ridhaa alishinda mapigano 396 na kupoteza moja, dhahabu mbili za Olimpiki, 2008 na 2012, na Kombe la Val Barker la Beijing. Akalipwa, akapigania mkanda wa dunia katika pigano lake la pili tu, akapoteza kwa Orlando Salido, akaushinda mkanda katika pigano la tatu. Miguu yake huenda pembeni mwa mpinzani kabla mpinzani hajageuza shingo. Lakini baba yake, Anatoly, alimtoa kwenye ndondi akiwa mtoto akampeleka kwanza kucheza ngoma za jadi za Ukraine, makusudi, ili apate ile miguu. Hicho ni kipaji au ni malezi? Mimi nasema ni kipaji kilichopata fundi mzuri, kwa hiyo namweka wa saba. Mwenye kusema ni malezi matupu ana hoja, na ndiye pekee ninayeweza kumsikiliza mpaka mwisho.

Wengine niwapitie haraka. Mike Tyson alikuwa bingwa wa uzani mzito akiwa na miaka 20, Novemba 1986, na kasi ya mikono yake kwa mtu wa kilo zile ilikuwa ya ajabu, ila sehemu kubwa ya ule mfumo, kichwa kikicheza kushoto na kulia, alifundishwa na Cus D'Amato, na ulianza kubomoka mara tu waliomfundisha walipoondoka. Naseem Hamed alikuwa burudani mpaka Marco Antonio Barrera alipomwonyesha Aprili 2001 kwamba alikuwa amesahau kujifunza. Willie Pep anastahili aya nzima, lakini filamu zake nazo ni haba. Itoshe kusema kwamba alinusurika ajali ya ndege Januari 1947, akavunjika mgongo, na mwaka huohuo akarudi ulingoni na kushinda.

Upande wa Afrika, wa kwangu wa kwanza ni Azumah Nelson. Julai 1982 aliitwa kwa notisi fupi kwenda New York kumkabili Salvador Sánchez, mmoja wa mabondia bora duniani, akiwa amepigana mapigano 13 tu ya kulipwa. Alidumu hadi raundi ya 15 na katikati alikuwa akimtesa bingwa. Kwenye rekodi imeandikwa kwamba alipoteza. Kwenye mizani yangu, hiyo ndiyo usiku ulioonyesha Mghana huyo ana nini, kuliko hata mikanda aliyokuja kuichukua baadaye. Waganda wana Ayub Kalule na John Mugabi. Watanzania wana Rashid Matumla, na siku hizi wana Karim Mandonga, ambaye alikuja hapa Nairobi Januari 2023, akajaza KICC na akamshinda Daniel Wanyonyi. Kama kungekuwa na orodha ya vipaji vya mdomo, Mandonga angekuwa juu pamoja na Ali, na wengine wote wangefuata kwa mbali.

Fatuma Zarika simpangi hapa, na si kwa dharau. Mkanda wake wa WBC, Baraza la Ndondi la Dunia, wa mwaka 2016, aliomnyang'anya Alicia Ashley huko Marekani, ulitokana na miaka mingi ya kupigana popote alipoitwa. Zarika ni mfano wa upande ule mwingine, wa rekodi iliyotafutwa kwa jasho. Conjestina ndiye aliyekuwa na mikono ya kuzaliwa nayo.

Kuchagua, basi, kunategemea unataka nini.

Kama unataka jina la kutaja kijiweni na kulitetea, chukua Roy Jones. Utakuwa na video ya kuonyesha kwa kila hoja, na hakuna atakayekushinda kwa picha. Ukiwa umekaa na wazee waliosikiliza ndondi redioni, chukua Robinson, na ukubali kwamba sehemu ya ushahidi wako imepotea.

Kama wewe ni kijana unayefunga bandeji mikononi pale Kariobangi au Muthurwa na unatafuta wa kumwiga, tafadhali usimchukue Jones. Wala Ali wa 1966. Makosa yao yalikuwa na mlinzi ambaye wewe huna. Nimeona vijana wanaoshusha mikono hadi kiunoni kwa sababu waliona klipu ya sekunde ishirini kwenye simu, na nimeona kinachowafika raundi ya kwanza. Chukua Durán. Kila anachofanya kwa bega na kichwa kinaweza kujifunzwa polepole, na kitakaa nawe ukifika miaka 35. Kama wewe ni wa mkono wa kushoto, chukua Whitaker, hasa namna anavyoweka mguu wake wa kulia nje ya mguu wa kushoto wa mwenzake kabla ya kupiga. Na kama wewe ni mwepesi na mrefu, wa uzani wa unyoya kwenda chini, tafuta chochote cha Waruinge utakachopata, hata kama ni dakika mbili za picha zilizofifia, na utazame umbali peke yake.

Kama wewe ni kocha au mzazi mwenye mtoto mwepesi kupita kiasi, soma habari za Benítez kabla ya zote. Mtoto wa namna hiyo hupewa mapigano mapema kwa sababu anashinda, na hushinda bila kujifunza, na hakuna anayemlazimisha kuruka kamba kwa kuwa jana alimpiga mtu mkubwa bila kuruka kamba. Hapa Nairobi kishawishi ni kikubwa zaidi, maana ada ya pigano moja inaweza kulipa kodi ya nyumba ya mwezi. Mwache akue kwanza katika ridhaa. Mwekee wapinzani wanaomlazimisha kufikiri, hata kama atapoteza.

Na kama una bando ya pigano moja tu wiki hii, tazama Benítez na Durán, Las Vegas, Januari 1982. Ni raundi 15. Unao wa tatu na wa tano wangu ulingoni kwa pamoja, mmoja mvivu na mmoja amenenepa kidogo. Ngoja mpaka Benítez aegemee kamba, halafu usihesabu ngumi zinazofika. Hesabu zile za Durán zinazopita hewani, kisha urudi uniambie kama ungemshusha Benítez hadi nafasi ya kumi.